Mjumbe Hauawi

Siku hizi hapa kwetu Mombasa intaneti ikizorota kidogo tu, kabla mtu hajainuka barazani kwenda kutazama kulikoni, utasikia neno moja: "Waya wa baharini umekatika." Husema hivyo muuza kahawa, husema hivyo mwalimu wa sekondari, na mimi mwenyewe niandikaye makala haya nimelisema mara nyingi kuliko wote. Bahari, maskini, haina ulimi wa kujitetea.

Sikatai kwamba nyaya hukatika. Sisi watu wa pwani ndio tuliopaswa kulijua jambo hili kabla ya wengine, maana nyaya hizo zaingia nchini kwa mlango wetu. TEAMS, utokao Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa mwaka 2009. SEACOM ukaanza kazi mwaka huo huo, EASSy ukafuata mwaka 2010, na LION2 mwaka 2012. Mwezi wa Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaona taabu. Siku hiyo aliyeilaumu bahari alikuwa na haki yake. Lakini je, ni mara ngapi tumeilaumu bure, na hali ubovu uko chumbani mwetu, chini ya meza, futi sita kutoka kitandani?

Nitawasimulia yaliyonikuta, kisha nitasema nililokusudia kulisema.

Katika nyumba yetu ya Kibokoni, nikaamo na dada yangu na watoto wake, kuna mtambo ambao wageni hudhani ni takataka iliyosahauliwa. Ni kompyuta kuukuu iliyotupwa na afisi moja. Mpwa wangu mkubwa aliiokota, akaifuta vumbi, akaitia kadi ya pili ya mtandao, akaiwekea Linux, ndiyo programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991 na ambayo yeyote aruhusiwa kuitumia, kuifungua na kuirekebisha bila ya kulipa. Kwa kufanya hivyo akawa ametengeneza ruta.

Ruta ni nini? Ni bawabu. Kadi moja yatazama njia kuu, nyingine yatazama ndani ya nyumba. Simu zetu na kompyuta zetu zote zina anwani za ndani, ambazo nje ya nyumba hazina maana yoyote. Barua ikitoka, bawabu huipiga muhuri wa anwani moja ya nyumba, akaandika daftarini ni ya nani, na jibu linaporudi humpelekea mwenyewe. Pamoja na hayo bawabu huyo ana kanuni: huyu aingie, yule asiingie.

Mpwa wangu alipokwenda Doha kutafuta riziki, mtambo ule alituachia kama amana. Akaniambia, "Mjomba, ukifanya kazi usiuguse. Ukigoma, usiuogope."

Ukafanya kazi vyema. Kisha tukahamia kampuni nyingine ya intaneti iliyokuwa nafuu, na hiyo kampuni mpya desturi yake ni kwamba mteja huingia kwa jina na neno la siri, kwa njia iitwayo PPPoE. Mpwa wangu alitupangia mambo hayo kutoka huko huko Doha, kwa simu. Intaneti ikaja, tukashukuru.

Lakini haikupita siku mbili ila maajabu yakaanza. Kurasa nyingine zilifunguka kama kawaida, nyingine zilizunguka tu hata mtu akachoka. Ujumbe mfupi ulikwenda, picha haikwenda. Dada yangu alizungumza na mwanawe wa Doha hata wakaonana nyuso, lakini makala yangu kuyapeleka kwa mhariri ikawa kama kupandisha jahazi mlimani. Wiki tatu nikawa nasema: waya wa baharini!

Hatimaye akaja fundi wa kampuni, kijana mwenye adabu zake. Akauchomoa mtambo wetu, akachomeka kisanduku chake kidogo cheupe cha kufanyia majaribio, na papo hapo kila kitu kikapita. Akanigeukia akasema, "Mzee, waona mwenyewe. Huu mtambo wenu ni mbovu. Utupeni, Jumamosi nitawaletea kisanduku kama hiki." Akachukua kisanduku chake, akaaga.

Dada yangu akasema, "Kaka, yatosha sasa. Mtoto ana karatasi za chuo za kupeleka kesho."

Hapo, wasomaji, ndipo jambo lilipokuwa zito. Mpwa wangu wa kike, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa akiomba nafasi ya kusomea mambo ya kompyuta. Vyeti vyake alivipiga picha, na mwisho wa kuvipeleka ulikuwa Ijumaa usiku. Ilikuwa Alhamisi baada ya Isha. Bila shaka angeweza kwenda kwa jirani, na nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Nitakwenda, Mjomba, tukishindwa. Lakini naomba nafasi ya kujifunza mitambo hii, na wa nyumbani mwetu, alioutengeneza kakangu, tuutupe kwa kuwa mtu ametwambia ni takataka? Nipe usiku huu."

Nikampa usiku ule, na mimi nikakaa naye.

Nilipokuwa chuoni utotoni, maalim wetu hakuturuhusu kuunga neno mpaka tulijue kila harufi na irabu yake. Ukijikwaa katikati ya aya hakukwambia, "Umekosa," akanyamaza. Alikurudisha nyuma, harufi baada ya harufi, mpaka mahali penyewe ulipojikwaa. Ulipopita salama alisema, "Hapa pazima, endelea." Binti yule, ambaye maalim wangu alifariki kabla yeye hajazaliwa, alianza kazi yake vivyo hivyo. Alichukua karatasi akachora njia yote: simu, waya, bawabu, kisanduku cha kampuni ukutani, kampuni yenyewe, kisha ng'ambo. Akasema, "Twende kituo kimoja kimoja. Kilicho kizima tukitie alama, tusikirudie tena."

Waya na taa zake: zima. Kompyuta yake kupewa anwani na bawabu: imepewa. Majina ya kurasa kugeuzwa kuwa namba, maana mashine husafiri kwa namba: yanageuzwa.

Kisha akatumia ala iitwayo "ping". Ala hii iliandikwa na Mmarekani mmoja, Mike Muuss, mwezi wa Disemba 1983, akaipa jina la ile sauti ya chombo kinachopima masafa chini ya bahari kwa mwangwi. Kazi yake ni hiyo hiyo: watoa sauti, wangoja mwangwi. Manahodha wetu walitupa bildi kujua kina cha maji. Hii ndiyo bildi ya mtandao. Akatupa bildi kwa mashine moja ya mbali, ng'ambo. Ikajibu. Akatupa kwa bawabu wetu aliye chini ya meza. Kimya.

Tukatazamana. Wa ng'ambo ajibu, na wa chini ya meza anyamaze? Tena huyo wa ng'ambo hufikiwa kwa kupitia kwa huyu aliyenyamaza! Mimi nikasema, "Amekufa." Binti akatikisa kichwa: "Hajafa, Mjomba. Maiti hapitishi barua. Huyu amekatazwa kusema."

Moyo wangu ukashtuka, lakini sikusema neno. Nitawaeleza kwa nini.

Akaendelea. Akasema kwamba ishara zote zaonyesha kuwa vidogo vyapita na vikubwa vyakwama, basi na tupime ukubwa. Mtandao hausafirishi picha nzima nzima. Huikata vipande viitwavyo pakiti, na pakiti kubwa ya kawaida ni baiti 1,500. Akatupa tena bildi ng'ambo, safari hii ikiwa na uzito wa 1,472, ambao pamoja na baiti 28 za bahasha na muhuri hutimia 1,500, na akaamuru isikatwe njiani. Kimya. Akapunguza kidogo. Kimya. Akapunguza hata ikawa 1,464, yaani 1,492 pamoja na bahasha. Ikajibu!

Kumbe ile njia ya PPPoE ya kampuni mpya huvika kila pakiti bahasha ya ziada ya baiti nane, na kwa hivyo mlango uliokuwa na upana wa 1,500 sasa una 1,492. Baiti nane tu! Mimi mtunzi wa mashairi nikacheka peke yangu, maana kipande cha shairi letu kina mizani nane, na nani asiyejua kwamba mizani zikizidi mwimbaji hukwama?

Lakini mlango mwembamba si msiba. Waliouunda mtandao waliliona jambo hili mapema wakaliwekea dawa. Pakiti ikifika kwenye mlango usioiweza, bawabu wa hapo humrudisha mjumbe kwa aliyeituma na habari fupi: "Mzigo wako ni mkubwa, ukate." Mtumaji husikia, hukata, safari huendelea, na wewe mwenye simu hujui hata kwamba pamesemwa neno. Mjumbe huyo ni wa jamii moja na bildi ya "ping". Wote husafiri kwa utaratibu mmoja, uitwao ICMP. Basi kwetu mjumbe alikuwa wapi?

Binti akafungua daftari la kanuni za bawabu. Na humo, wasomaji, akakuta mstari mmoja wa kuzuia ICMP yote, kuingia na kutoka. Pembeni mwake palikuwa na maelezo ya Kiswahili: "Zima zote kwa usalama." Mpwa wangu wa Doha huandika maelezo yake kwa Kiingereza. Maneno yale yalikuwa yangu.

Ndiyo. Miezi minane nyuma rafiki yangu mmoja alinambia kwamba mashine ikijibu "ping" maadui huijua iko wapi, basi dawa ni kuizima isijibu mtu. Nikaona ni neno la busara. Nikaingia, nikazima yote, sikuuliza kunazimwa nini na nini, sikumwambia mwenye mtambo, kisha nikasahau. Maadamu mlango ulikuwa mpana, hakuna aliyemhitaji mjumbe, na kosa langu likalala usingizi mnono. Siku mlango ulipopungua kwa baiti nane, bawabu akawa azuia mizigo na hawezi kusema kwa nini, kwa sababu mimi nilimziba mdomo. Zile kurasa zilizofunguka zilikuwa za watu ambao hukata pakiti zao ndogo, au huwasikiliza wajumbe wanaotoka upande wa kampuni. Zilizokwama aghalabu ni za watu ambao nao huko kwao wamewaziba mdomo wajumbe, kwa khofu kama yangu.

Nikiri na hili pia. Binti alipousoma mstari ule hakujua ni wa nani. Akasema, "Labda Kaka aliuweka." Saa ilikuwa saba za usiku, na hapakuwa na shahidi. Ilikuwa rahisi mno kusema, "Labda." Aliye Doha hayupo kujitetea, kama vile bahari isivyoweza kujitetea. Lakini niliona kwamba nikinyamaza hapo nitakuwa nimemuua mjumbe mara ya pili. Nikamwambia, "Ni mimi."

Hakunicheka. Alisema tu, "Basi turekebishe." Tukafanya mambo mawili. Kwanza tukaufuta mstari wangu, tukaandika kwamba mjumbe apite, ila hodi za "ping" ziwekewe kiwango kwa kila dakika, ili asitokee mtu wa kutusumbua. Pili tukaongeza kanuni kwamba kila mazungumzo yanapoanza, pande zote mbili ziambiwe mapema kukata mizigo yao kwa kipimo cha mlango wetu, ili hata wale walioziba wajumbe kwao tusikwame nao. Hii ya pili ndiyo aliyokuwa nayo kisanduku cheupe cha yule fundi, na ndiyo maana kwake kila kitu kilipita. Mistari miwili. Vyeti vikaondoka kabla ya adhana ya Alfajiri.

Asubuhi nilimweleza dada yangu yote. Alicheka hata akashika ukuta. "Wiki tatu waisingizia bahari!"

Sasa nililokusudia.

Najua atatokea msomaji aseme, "Bwana wee, si kila mtu ana usiku mzima wa kupoteza. Nunua kisanduku, ulale." Na ana haki. Sisemi kila nyumba ijitengenezee ruta, kama nisivyosema kila mtu ajichongee dau lake. Wala yule fundi simlaumu: alisema ubovu uko upande wetu, na kweli ulikuwa upande wetu. Alichokosea ni hukumu. Aliona mtambo umeshindwa, hakutafuta umeshindwa wapi, akaamuru utupwe wote. Na hiyo ndiyo tabia ninayoichelea, kwa sababu imetuenea sisi pia. Saa ikisimama, tupa. Redio ikikoroma, tupa. Kitu kimekuwa ama kizima ama takataka, na katikati hapana njia ya kwenda hatua kwa hatua.

Tena huko kuona kwamba cha dukani ni elimu na cha nyumbani ni mchezo ni kudanganyika. Kampuni ya Linksys ya Marekani ilitoa ruta yake ya WRT54G mwishoni mwa mwaka 2002. Wajuzi walipoichunguza walikuta ndani yake mna Linux, ile ile. Na kwa kuwa idhini ya Linux yashurutisha kwamba anayeisambaza awape watu maandishi yake ya asili, kampuni ikayatoa hadharani mwaka 2003, na kutokana na hayo ukazaliwa mwaka 2004 mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo huwawezesha watu kufufua ruta kuukuu. Visanduku vingi vya dukani ndani yake mna hiyo hiyo Linux. Tofauti ni kwamba cha dukani aghalabu kimefungwa, na cha mpwa wangu kiko wazi. Na daftari lisilofunguka, kosa lake utalisoma wapi?

Wazee wetu hawakuwa na khofu ya kufungua vitu. Hapa hapa Mombasa chuo cha ufundi cha Waislamu, MIOME, kiliasisiwa mwaka 1948 na kupokea wanafunzi mwaka 1951, vijana wakafundishwa umeme, mitambo, useremala na ubaharia. Ndicho kilichokuja kuwa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Waliokijenga walitaka kijana wa pwani ajue mashine yafanyaje kazi, asiishie kuibonyeza tu. Leo nyaya zaingia nchini kwa ufuo wetu, na sisi tulio mlangoni twabakia kubonyeza.

Basi maombi yangu ni madogo. Kila mtaa una kompyuta kuukuu zilizotupwa. Wenye madrasa, wenye shule, wazazi: watafutieni vijana wenu, wa kiume na wa kike, kompyuta moja na kadi mbili za mtandao, muwaache waifungue, waiharibu, waitengeneze. Kadi za mitumba si ghali, na Linux ni bure. Wafundisheni kuchora njia na kwenda kituo kimoja kimoja, na kutia alama palipo pazima. Na sisi wakubwa tusiguse kwa siri yasiyo yetu, na tukigusa tuandike majina yetu pembeni.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sisi mjumbe hatumuui siku hizi. Twamziba mdomo tu, kisha twashangaa mbona hatuletewi habari. Mtoto asemaye darasani, "Sikufahamu," akazomewa, ni mjumbe aliyezibwa mdomo. Atanyamaza, masomo yatapita juu yake, na siku ya mtihani tutatafuta pa kulaumu.

Mpwa wangu bado angoja jibu la chuo. Mtambo bado uko chini ya meza, na ule mstari wangu hakuufuta kabisa. Ameuacha daftarini, ameuwekea alama ili usifanye kazi, na pembeni ameandika: "Alizima Mjomba. Usirudie." Nimemwambia auache hapo.